Karakana ya beji nyuma ya Mtaa wa Biashara, Mombasa: wanauliza maana kabla ya bei

Walimu wenzangu mnaolea skauti, na yeyote mwenye kikosi cha vijana kinachotaka beji za kudarizi, nawaandikia kuhusu karakana moja ya Mombasa iliyotufanyia kazi safi sana, pamoja na mambo mawili matatu yaliyoniudhi.

Iko ghorofa ya kwanza, katika uchochoro unaochepuka kutoka Mtaa wa Biashara ukishapita maduka ya leso. Bango hawana. Ulizia mzee anayedarizi kanzu, wauza leso watakuelekeza. Chini kuna duka la vifungo na zipu, ngazi ni nyembamba za mbao, na juu ni chumba kirefu chenye madirisha ya kutazama mabati ya jirani. Upande mmoja kuna cherehani mbili za kukanyaga, ambazo mzee anatumia kudarizi shingo za kanzu bila mchoro wowote mbele yake, kitambaa kinazunguka mkononi mwake na ua linatokea. Upande wa pili kuna mashine kubwa ya kompyuta yenye sindano 15, na hiyo ni ya kijana wake. Kazi ya beji anaifanya kijana, lakini mzee husimama nyuma yake kila mara, na nitaeleza kwa nini hilo lilitufaa.

Mimi nafundisha sayansi kimu katika shule ya upili ya kutwa upande wa Kisauni, na ndiye mlezi wa skauti wetu wa ngazi ya Mwamba. Mshono naujua. Nikigeuza beji upande wa nyuma naona kama uzi wa bobini umekaza kupita kiasi, kama nyuzi zimekatwa vizuri au zimeachwa zining'inie. Lakini kwa beji ya kijana, ufundi wa uzi ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kwamba kila kilichochorwa pale kina maana, na anayeishona asipoijua atakosea mahali ambapo wewe hutagundua mpaka zimekwisha kushonwa mia.

Nilipokabidhiwa kikosi nilikuta mashati ya wanafunzi yana nembo ya skauti ya dunia iliyonunuliwa sokoni. Kwa mbali ilipendeza: duara la zambarau, ua jeupe la yungiyungi, kamba nyeupe kulizunguka. Isogeze karibu sasa. Nembo ile ina nyota mbili, kila moja ncha tano, na ncha hizo kumi ni sheria kumi za skauti. Kwenye zile za sokoni nyota ya kushoto ilikuwa na ncha sita. Majani matatu ya ua ni sehemu tatu za ahadi: wajibu kwa Mungu na nchi, kuwasaidia watu wakati wote, na kutii sheria ya skauti. Jani la katikati limechongoka juu kwa sababu ua hilo ndilo lililoonyesha kaskazini kwenye ramani na dira za zamani, na Baden-Powell, mwasisi wa skauti, alikuwa amelitumia kwa askari wake wapelelezi nchini India mwaka 1897, miaka kumi kabla ya kuwapa wavulana. Hizo za sokoni jani la katikati lilikuwa butu.

Kilichonikera zaidi kilikuwa kamba. Kamba ile ni umoja wa skauti wote duniani, na chini imefungwa kwa fundo ambalo kila skauti hufundishwa mwanzo kabisa: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Likifungwa sawasawa hulala bapa, na kila ncha hurudi sambamba na kamba yake. Ukirudia upande uleule mara mbili, ncha hutokeza kando, moja huku moja kule, na fundo huteleza likivutwa. Aliyetengeneza zile beji alidarizi fundo la kukosea. Watoto walikuwa wakifundishwa fundo sahihi uwanjani huku vifuani wamebeba lile wanalokatazwa. Msichana mmoja wa kidato cha pili ndiye aliyelionyesha kwa kidole mbele ya kikosi kizima, nami nilifurahi sana kwa jicho lake.

Nembo rasmi sasa tunaagiza kwa chama chenyewe. Ni alama iliyosajiliwa, na si halali fundi yeyote kuitengeneza na kuiuza kwa hiari yake. Kazi niliyoipeleka karakanani ni nyingine: beji ya kikosi chetu wenyewe, tepe za vikundi, na skafu. Lakini niliichukua na ile beji ya sokoni, ili waone nisichokitaka. Mzee aliishika, akaisogeza dirishani, akavua miwani na kuivaa tena.

"Mwalimu," akaniambia, "kwa fundo hili ngalawa ingeshapotea."

Hapo nikajua nimefika kwa watu wangu.

Kijana, kabla ya kutaja bei, aliuliza kama shule ina barua. Ukutani kwao wamebandika karatasi yenye picha tatu ambazo hawashoni bila kibali cha maandishi: nembo ya skauti ya dunia, nembo ya taifa ya Kenya, na msalaba mwekundu. Ya kwanza nimeieleza. Ya pili inalindwa na sheria ya nchi kuhusu bendera na nembo za taifa, na huwezi kuifanya pambo la biashara au la klabu. Ya tatu inalindwa na Mikataba ya Geneva; ni alama ya kusema "msinipige, niko kwenye kazi ya kuokoa", na kila inapobandikwa ovyo kwenye begi au fulana, nguvu yake inapungua kwa yule atakayeihitaji vitani. Shule nyingi hazijui hili. Huenda kwa fundi na kuomba msalaba mwekundu kwa klabu ya huduma ya kwanza, na mafundi wengi hushona bila kuuliza. Hawa wanakataa. Kijana aliniambia wamewahi kupoteza oda kwa sababu hiyo, na mteja akapanda ngazi ya jirani. Kwa hilo peke yake nawapa alama zote.

Sasa beji yenyewe. Mchoro waliutengeneza wanafunzi, nami sikutaka kuuingilia mapema. Ulipofika karakanani ulikuwa na Fort Jesus, zile sanamu za pembe za Moi Avenue, mnazi, jahazi, kitabu kilichofunguliwa, mwenge, nyota, jina la shule, jina la kikosi na maneno "Uwe Tayari", yote ndani ya duara la sentimita nane. Kijana hakuwacheka. Aliwaita viongozi wa vikundi waliokuja nami, akawaonyesha kwenye skrini herufi zao zitakavyotoka. Herufi ya kudarizi ikipungua milimita tano kwa urefu, tundu la "a" na la "e" hujifunga, na neno hubaki donge la uzi. Akawauliza: mtu akikuoneni gwarideni akiwa hatua kumi, mnataka asome nini?

Walibishana pale pale, mbele ya mashine, na sikufungua mdomo. Wakaondoa Fort Jesus, kwa sababu shule nyingi za kisiwani zinayo tayari. Wakaondoa pembe, kwa sababu mmoja wao alisema ni pembe za ndovu na skauti ni rafiki wa wanyama. Hoja hiyo iliwanyamazisha wengine. Mwenge na kitabu vikaondoka kwa kuwa viko kwenye nembo ya shule, na nembo ya shule imeshonwa mfukoni. Kilichobaki ni jahazi, mawimbi matatu chini yake, na kamba ya kuzunguka. Mawimbi matatu ni zile sehemu tatu za ahadi. Kamba waliichukua kwa heshima ya nembo ya dunia, ila walikubaliana isiwe na fundo, ili isije ikafanana nayo mno.

Nyota nayo ilienda, kwa huzuni kidogo. Pia liliondoka duara dogo lenye nukta katikati, ambalo kijana mmoja alilichora kwenye tanga. Aliliona Nyeri, kwenye safari ya kikosi ya kuadhimisha siku ya mwasisi mwezi wa Februari. Liko kwenye jiwe la kaburi la Baden-Powell, aliyefariki kule tarehe 8 Januari 1941, kaburi linalotazama Mlima Kenya. Ni alama ya njiani ambayo skauti humwekea mwenzake: safari imekwisha, nimerudi nyumbani. Kwenye kaburi inafaa kuliko maneno mengi. Kwenye tanga la chombo kinachong'oa nanga ingesema kinyume cha chombo chenyewe, na fundi ndiye aliyeuliza, "Hii nukta ni ya nini?" Mwanafunzi alipoeleza, alijisahihisha mwenyewe kabla hajamaliza sentensi.

Nimesema mzee husimama nyuma. Wanafunzi walikuwa wamechora mlingoti wima katikati ya chombo, na tanga la pembe tatu limening'inizwa juu yake. Mzee aliinama kwenye skrini. "Hii ni mashua ya mtalii," akasema. "Jahazi mlingoti wake umelalia mbele, kuelekea omo. Na tanga halishikwi na mlingoti, linashikwa na foromali. Foromali iko wapi?" Akachukua kalamu ya chaki ya kuchorea vitambaa, na juu ya meza ya kukatia akachora jahazi kwa mistari michache: omo limetangulia, mlingoti umeinama, foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, imepita mlalo wa kupanda, tanga limejaa upepo. Watoto wa Kisauni wote, na wengi wamezaliwa wakiona vyombo, lakini hakuna aliyekuwa amewahi kuambiwa aangalie foromali. Mchoro ule wa chaki ndio uliopigwa picha kwa simu na kuingizwa kwenye kompyuta. Ndio ulio kwenye beji yetu leo.

Kisha likaja swali ambalo sijawahi kulisikia kwa fundi mwingine: beji inakaa mkono gani? Nikamwambia wa kulia, begani. Akageuza mchoro ili omo litazame kulia kwa anayetazama. Sababu yake ni nyepesi ukisimama ubavuni mwa mtu. Ukimtazama skauti kwa upande wake wa kulia, mbele yake iko kulia kwako. Omo likielekea kushoto, jahazi linakwenda kinyumenyume kila anapopiga hatua. Askari wa jeshi la nchi kavu la Marekani huvaa bendera yao kwenye bega la kulia ikiwa imegeuzwa kwa sababu hiyohiyo, nyota zitangulie mbele. Kijana alikuwa analijua hilo, na alilisema bila kujigamba. Beji za vikosi vingi ninavyokutana navyo kwenye kambi zina tai na simba wanaorudi nyuma.

Kuhusu rangi walitupa ushauri mmoja tu na tuliufuata: cheupe juu ya cheusi au cha mwangaza juu ya cha giza, kamwe si giza juu ya giza. Wanafunzi walitaka kijani juu ya buluu, kwa ajili ya mikoko na bahari. Kwenye karatasi ilivutia, kwenye sampuli ya uzi ikapotea kabisa. Tumebaki na tanga jeupe, chombo cha kahawia ya dhahabu, mawimbi meupe, na buluu ya bahari nyuma. Nembo zinazodumu nyingi zimefuata njia hii. Msalaba wa St John, shirika la huduma ya kwanza, mweupe wenye ncha nane juu ya weusi, unausoma ukiwa ng'ambo ya uwanja. National Cadet Corps ya India, iliyoanzishwa mwaka 1948 na yenye matawi shuleni na vyuoni, bendera yake ina mikanda mitatu: mwekundu wa jeshi la nchi kavu, buluu nzito ya jeshi la majini, buluu nyepesi ya jeshi la anga. Mtoto wa kadeti akiulizwa maana anajibu kwa pumzi moja. Beji ambayo mwanafunzi hawezi kuieleza kwa pumzi moja imezidiwa na mambo.

Uzi wao ni wa polista, na ninawaomba mng'ang'anie hapo. Uzi wa reyoni unang'aa zaidi, na fundi akitaka kukuvutia atakuonyesha huo. Lakini mashati ya shule yanafuliwa kwa jiki, yanaanikwa kwenye jua la Mombasa, na reyoni haivumilii. Polista inavumilia. Kitambaa cha chini ni kile chenye mistari ya mshazari, kizito, na nyuma wameweka kitambaa kigumu cha kuzuia kukunjamana. Ukingo umezungushiwa ovaloki nene, haijafumuka hata kwenye beji ya mvulana wetu mmoja anayepanda kila mti anaoukuta.

Kitu nilichokipenda kama mshonaji ni duara. Mashine ikidarizi, uzi huvuta kitambaa kufuata njia ya mshono, na duara ulilochora kwenye kompyuta likiwa kamili hutoka limebanwa upande mmoja na kuwa kama yai. Sampuli ya kwanza ilitoka hivyo, na kijana aliiona kabla sijasema. Hakunishawishi kwamba ndivyo zinavyokuwa. Alirudi kwenye kompyuta, akalipanua duara kidogo kwa upande unaovutwa, akabadilisha na njia ya mshono wa mawimbi ili yasivutane na kamba, akashona nyingine. Nilipima kwa rula: sawa pande zote. Tanga ameliwekea mshono wa satini uliolala kufuata mlalo wa foromali, na kwa hivyo mwanga ukilipiga linaonekana limejaa upepo. Mawimbi ameyawekea mshono wa kujaza, mfupi, usioakisi mwanga sana. Kwa hiyo ukiikunja beji kidogo mkononi, chombo kinatokeza na bahari inarudi nyuma, na rangi zote hizo ni tatu tu. Huyu kijana amefundishwa na kanzu za baba yake, hilo nina hakika.

Tepe za vikundi nazo tuliagiza kwao, na hapa tulirudi mwanzo kabisa wa historia. Kambi ya kwanza ya Baden-Powell, kisiwani Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, ilikuwa na wavulana wapatao 20 waliogawanywa vikundi vinne, na kila mmoja alivaa utepe wa rangi ya kikundi chake begani: Fahali kijani, Sululu njano, Kunguru nyekundu, Mbwa Mwitu buluu. Sululu huyo ndege tunamjua sisi, hutembea kwenye matope ya mikoko maji yakipwa, na wanafunzi walipogundua kwamba naye alikuwepo Brownsea walishangilia. Vikundi vyetu ni Kasa, Papa, Kipanga na Sululu, na tumehifadhi rangi zilezile nne. Tepe zimekatwa kwa chuma cha moto ncha zisifumuke, zimekunjwa na kushonwa kwa mkono na mzee mwenyewe. Kazi safi, sina la kuongeza.

Skafu ni hadithi nyingine, na hapa nawapunguzia alama. Skafu ya skauti ni pembetatu kwa sababu ni kifaa. Unaifungua, unamfungia mwenzako mkono uliovunjika, unafunga kichwa kinachotoka damu, unaunganisha mbili kuwa kamba fupi. Ikiwa ndogo haifungi mkono wa mtu mzima, basi ni pambo. Niliandika kwenye oda upande mrefu uwe sentimita 140. Zilikuja za 120 na kitu, kwa sababu, walisema, upana wa jora la kitambaa haukugawanyika vizuri kwa kipimo hicho. Hawakunipigia simu kuuliza kwanza. Walizirudia bila malipo, hilo lazima niliseme, lakini kwa siku ya gwaride tulivaa zile fupi. Pia buluu ya kitambaa cha skafu cha mzigo wa pili haikulingana na ya kwanza. Weka skafu mbili pamoja na utaona. Ukiagiza, agiza zote kwa pamoja au uwaombe wakuwekee kitambaa cha ziada.

Lalamiko la pili ni gundi. Beji wanaweza kukuwekea gundi ya kupasi nyuma, na wanaitoza kama huduma ya ziada. Usiichukue. Inashika mwanzoni, ikishafuliwa mara chache pembe zinainuka. Chukua beji isiyo na gundi na uwape watoto sindano. Sisi tuliifanya kazi ya Jumamosi: kila skauti alishona beji yake mwenyewe kwa mshono wa kufichwa, wavulana kwa wasichana, na waliojua wakawafundisha wasiojua. Zimekaa imara kuliko zozote nilizowahi kuona zikibandikwa, na mvulana wa kikundi cha Papa amegeuka kuwa mshonaji bora wa kikosi.

La tatu ni muda. Ukiwapelekea kazi Januari, shule zinapofungua, umejitakia. Mashine ni moja, na oda za majina ya shule kwenye sweta zinajaza chumba mpaka kwenye ngazi. Walituahidi tarehe moja, wakatoa baadaye sana. Kijana ni mkweli kwa mchoro lakini kwa tarehe ana matumaini mengi mno. Risiti pia huandika kwa kuombwa tu. Walimu mnaorejeshewa fedha na shule, ombeni risiti yenye mhuri kabla ya kutuma salio.

Bei nilizolipa: kupanga mishono kwenye kompyuta shilingi 1,500, na hulipi tena ukirudi na mchoro uleule, beji ya sentimita nane shilingi 180 ukiagiza kuanzia 50, utepe shilingi 60, skafu 350. Kuna mahali pa bei nafuu kuliko hapa, sikatai. Lakini ndani ya ile 1,500 nilipata mzee wa kunichorea foromali na kijana wa kuniuliza mkono gani, na wanafunzi wangu walirudi na sababu ya kila uzi. Mkaguzi alipofika kwenye kambi akamwuliza mmoja wao beji ile ni ya nini, mtoto alianza na wimbi la kwanza na hakukwama.

Mkienda, chukueni viongozi wa vikundi, msiende peke yenu. Pelekeni mchoro wenye ukubwa halisi wa beji, mkubwa unadanganya. Semeni mapema beji inakaa wapi kwenye shati. Ombeni sampuli moja iliyoshonwa, iguseni, igeuzeni nyuma, ipelekeni juani, ndipo mlipe nusu. Wakati mzuri ni likizo ya Agosti, mashine ikiwa imepumzika. Ijumaa hufunga saa sita kwa swala na kufungua tena saa nane na nusu. Walio kaunti nyingine hutumiwa mzigo kwa basi la usiku, na nauli ya kifurushi ni juu ya mwenye oda.